Tumbo la Mpishi Zakayo

Mgonjwa akikuambia tumbo lake limejaa gesi, usimwamini. Wala usimkatalie. Mkalishe, mpe maji, mtazame anavyokunywa. Akisita katikati ya kikombe kuvuta pumzi, basi achana na habari ya gesi, kazi ndiyo inaanza. Hayo nilifundishwa Nairobi nikiwa msichana wa sare iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na mpaka leo, miguu ikiwa imeninunia na meno nimebakiza ya kuonyesha wageni tu, sijasikia daktari akiyapinga.

Ninyi mnaosomea uuguzi mmeniomba niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa. Naona mnangoja bibi kizee alie kwamba zamani hatukuwa na mashine. Silii. Tulikuwa na vidole, macho na masikio, na tulivitumia hasa. Ninyi siku hizi mgonjwa anaingia, mnaitazama karatasi yake kabla ya uso wake. Sisemi ni vibaya. Nasema uso nao una habari zake.

Mimi ni Dorika, mzaliwa wa Maragoli, kule magharibi. Miaka ile ya Hali ya Hatari, wakati wa mkoloni, nilifanya kazi katika zahanati moja katikati ya mji, nyuma ya maduka ya Wahindi. Benchi letu lilikaliwa na hamali, makarani, wachuuzi, wapishi wa wazungu waliotoka Spring Valley, na kina mama wa Mutuini waliotembea tangu alfajiri. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Athumani, dresa mkuu. Dresa ndivyo tulivyowaita wasaidizi wa daktari, wale waliofunga vidonda, wakapiga sindano na kugawa dawa. Alikuwa mtu wa Mombasa, kofia yake nyeupe haijawahi kuonekana na doa, na Kiswahili changu kilimuumiza kuliko jino.

"Dorika, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, "Kiswahili chako kimekuja kwa garimoshi, mizigo yake imepotea njiani."

Lakini ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na msemo wake: "Tumbo ni shahidi wa uongo. Moyo ukiumia, tumbo ndilo linalolia. Ini likiumia, tumbo. Damu ikipungua, tumbo. Hata mtu akigombana na mkewe, atakuja hapa ameshika tumbo."

Basi alikuwapo maalim mmoja wa madrasa, mtu wa heshima zake, ambaye kila Ramadhani ilikuwa lazima tumwone. Anakuja asubuhi akisema usiku pumzi zilimpaa, tumbo likawa ngoma, akajua siku zake zimekwisha. Bwana Athumani humsikiliza kwa adabu, kisha humuuliza, "Jana umefuturu kwa nini, maalim?"

"Tende moja tu."

"Na baada ya tende?"

"Uji kidogo."

"Na baada ya uji?"

Maalim huanza kutazama dari. Hapo zitatajwa sambusa, vitatajwa viazi vya nazi, utatajwa mkate wa sinia, na kila kimoja kilikuwa kidogo. "Maalim," Bwana Athumani humwambia, "tumbo likijazwa hivyo linasukuma kifua juu, mapafu yanakosa pa kukaa. Huna maradhi. Una wapishi wazuri." Na baada ya kucheka naye bado alimpima moyo, kila mwaka, kwa makini yale yale. Hilo lishikeni. Mtu aliyekuwa na gesi mwaka jana anaweza kuwa na jambo jingine mwaka huu.

Mama mmoja wa Mutuini alikuja na maneno karibu yale yale. Akila matonge mawili tumbo limejaa, akipalilia mstari mmoja lazima akae chini ahemee. Kwao walimwambia ni uvivu. Bwana Athumani akamvuta kope ya chini kwa kidole gumba, akaniita nitazame. Ndani ya kope kunatakiwa kuwe kwekundu. Kwake kulikuwa kweupe kama shuka. Ilikuwa safura, minyoo ile midogo inayokaa utumboni ikinyonya damu, na mtu asiye na damu huhema hata akichota maji. Tulimpa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma. Baada ya muda akarudi na nduma, yale magimbi ya kwao, kwenye kiondo, akaziweka mezani bila maneno mengi, akasema waliomwita mvivu sasa anawapita shambani. Nilitembea kwa maringo wiki nzima kama vile minyoo niliitoa kwa mkono wangu.

Makosa yalikuwapo pia. Tulikuwa na dresa kijana, Stefano, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa kutoa majibu. Akaja mama mmoja mtu mzima, tumbo limetuna, akipanda ngazi anahema, naye mwenyewe akaapa kwamba mambo ya uzazi ameshayafunga. Stefano akampa dawa ya gesi, na alipolalamika akamwongezea. Ile gesi ilizaliwa salama, mtoto wa kiume mwenye sauti kubwa. Mama wa watu, kwa moyo mzuri, akamwita mtoto Stefano. Nasi tangu siku hiyo tukamwita Stefano mkubwa Baba Gesi, mpaka alipoomba uhamisho.

Sasa niwaambie habari ya Zakayo, ambayo ndiyo iliyonifanya niite kazi hii yangu.

Zakayo alikuwa mtu wa kwetu, mpishi kwa mzungu mmoja Spring Valley. Kanisani tulikuwa tukiona tumbo lake linakua Jumapili hadi Jumapili, vifungo vya koti vinaachiana, na watu wakimpongeza. Walisema siagi ya mzungu imemkubali. Mpishi mwenye tumbo alikuwa fahari ya kijiji kizima, maana ilionyesha kwamba mmoja wetu amefika jikoni penyewe. Zakayo naye alicheka nao, ila alicheka kwa vipande vipande.

Siku mkewe Rebeka alipomleta zahanati, alikuwa hawezi kumaliza sentensi.

"Sista," akaniambia, "ni gesi tu... hii tumbo... inanisumbua."

Bwana Athumani alikuwa amenionya nisimuulize mwanamume kama pumzi zinamkatika, kwa sababu atasema hapana. Mwanamume muulize analalaje.

"Nalala mzuri," Zakayo akajibu.

"Analala akikaa," Rebeka akamkatiza. "Ameegemea ukuta kama askari wa kulinda duka. Akilala chini anaamka akitafuta hewa. Mwambie Sista ukweli, baba. Utaficha mpaka lini?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimbonyeza muundi kwa kidole gumba, na nilipokitoa, shimo likabaki pale pale. Mishipa ya shingo ilikuwa imejaa ingawa alikuwa ameketi wima. Daktari wetu, Mhindi mpole aliyekuja zahanati siku kadhaa za wiki, alimpima kwa muda mrefu. Akatueleza kwamba moyo umechoka kusukuma, maji yanarudi nyuma, yanajaa miguuni, yanajaa tumboni, yanapanda mpaka mapafuni. Alitaka Zakayo alazwe hospitali kubwa. Zakayo akakataa katakata, kwa sababu kaka yake aliingia huko akatoka amebebwa. Basi akapewa vidonge vya moyo na sindano ya kutoa maji, akaamriwa asiguse chumvi.

Rebeka aliishika amri hiyo. Mkebe wa chumvi aliutoa nje ya nyumba. Zakayo alimeza vidonge vyote na kuja kila alipoitwa kupigwa sindano. Na bado tumbo likazidi. Miguu ikawa haiingii viatuni. Daktari akaongeza dawa, maji yakapungua siku mbili, yakarudi. Nilimwona daktari ameshika kipimo chake shingoni akitazama dirishani, nikajua naye hajui la kufanya.

Watu wa nyumbani wao walijua. Tulikuwa na chama chetu cha watu wa Maragoli wa Nairobi, cha kuzikana na kufaana, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Nathani, fundi viatu mwenye sauti ya kuita mvua. Chama kikakata shauri. Kazi ya mpishi ina wivu, Zakayo amerogwa na mtu, dawa ya mjini haitamfaa. Jumamosi wangempandisha treni arudi nyumbani akatafutiwe tiba, na ikishindikana, azikwe kwa baba yake. Nilipomweleza daktari, aliweka kalamu chini. Alisema safari ile, usiku kucha amebanwa kwenye behewa la daraja la tatu, hadhani mgonjwa atafika akiwa hai.

Niliumia. Nilimwambia Bwana Athumani kwamba dawa imeshindwa.

"Umejuaje ni dawa?" akaniuliza. "Kabla hujailaumu dawa, nenda kale kwao."

"Wewe hutakuja?"

"Nikienda mimi watanichinjia kuku na kunipikia wali wa mgeni. Wewe ni wao. Watakupa wanachokula kila siku."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kazi. Mgonjwa asiyepona tulienda kula kwake. Si kupeleleza, kula. Mtu hukuambia anachokumbuka, bali chungu hakisahau.

Basi nikaenda Spring Valley kwenye chumba chao nyuma ya nyumba ya mzungu. Zakayo alikuwa ameketi kitandani ameegemea ukuta, macho ameyafumba. Rebeka akasonga ugali, akaleta mrenda. Kwa wasioujua, mrenda ni mboga ya majani inayoteleza, na sisi watu wa magharibi tukiikosa tunaona hatujala. Nikamega tonge, nikachovya. Chumvi kweli haikuwamo hata chembe. Lakini ule mrenda ulivutika vizuri, laini, kama wa mama yangu. Nikala tonge la pili polepole. Mimi ni mwana wa jiko lile lile. Najua mrenda hauwi hivyo kwa moto peke yake.

"Rebeka, umetia magadi?"

Akanishangaa. "Sasa mrenda utapika na nini, Sista?"

Magadi ni yale mawe meupe ya kulainishia mboga, yanauzwa kila soko. Kwetu hakuna anayeyahesabu kuwa chumvi, kama msivyohesabu maji kuwa chakula. Nikauliza kama mboga zote anapika hivyo. Zote. Na maharagwe. Kisha akaniambia lile lililonifanya niweke tonge chini.

"Hata kwa tumbo nampa. Asubuhi na jioni, naweka ndani ya maji moto, anakunywa. Akibeua anaskia nafuu."

"Na tumbo likizidi kujaa?"

"Naongeza," akasema.

Sikumkemea, na nawaombeni msimkemee mtu wa namna hiyo. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo kumchemshia mumewe kile alichoamini kitamwokoa. Nilimpenda Rebeka saa ile mpaka machozi yakanilenga. Nikamwomba kipande cha magadi, nikakifunga kwenye leso.

Sikujua hakika. Nilishuku tu. Kesho yake nikamwekea daktari lile jiwe mezani, nikamweleza. Akalilamba kwa ncha ya ulimi, akakunja uso, kisha akacheka kwa furaha kama mtu aliyeona ufunguo wake uliopotea.

"Dorika, hii iko ndugu ya chumvi," akasema. "Ile kitu ndani ya chumvi inashika maji mwilini, hapa pia iko. Tena mingi. Sisi natoa maji kwa mlango, hii narudisha kwa dirisha."

Tangu siku hiyo, kila mgonjwa aliyevimba miguu alimuuliza habari ya magadi kabla ya kumuuliza jina.

Ila Jumamosi ilikuwa inakuja. Nikamfuata Mzee Nathani nje ya kanisa siku ya maombi, wazee wamemzunguka, mimi msichana nimesimama mbele yao na viatu vyangu vya kazi.

"Binti," akaniambia, "sisi tumekula magadi tangu tuachishwe ziwa. Mbona hatujavimba?"

"Moyo wako ni mzima, mzee. Gunia ni lile lile. Hamali mwenye nguvu atalibeba akiimba, mgonjwa litamwangusha. Wa Zakayo umechoka."

"Na akikufia hapa? Mtu wetu alale kwa udongo ya wenyewe?"

"Nipeni mpaka Jumamosi bila magadi. Mkiona hakuna badiliko, mchukueni."

Wazee wakanong'ona. Mzee Nathani akainua mkono. "Sawa. Jumamosi tunakuja na lori. Akiwa vile yuko sasa, anapanda treni, na wewe unanyamaza. Na akiwa amekufa, Dorika, wewe ndio utaenda nyumbani kuambia mama yake. Si mimi."

Nikakubali. Mama yake Zakayo nilimjua. Alikuwa akinipa ndizi mbivu nilipopita kwao nikitoka shule.

Rebeka aliyatupa magadi mtoni kwa mkono wake. Mrenda aliuacha, akapika mboga zisizohitaji kulainishwa, na Zakayo akalalamika kwamba anakula kama mbuzi. Mwanamume akilalamikia chakula, tumaini lipo. Vidonge vile vile, sindano ile ile. Sasa akaanza kukojoa, wacha nisiseme kwa kificho, ninyi ni wauguzi. Alikojoa mpaka mtunza bustani akamuuliza kama ameajiriwa kumwagilia choo. Nilipomwona mara ya mwisho kabla ya Jumamosi, suruali ilikuwa imeanza kumpwaya, amefunga kamba kiunoni. Lakini bado alilala akiegemea ukuta, na miguu ilikuwa bado imejaa. Baada ya hapo tukazidiwa na wagonjwa zahanati, sikupata nafasi ya kwenda tena. Nilingoja Jumamosi kama mtu anayengoja hukumu.

Lori lilikuwa la mtu wa kwetu aliyeuza kuni. Mzee Nathani alikaa mbele na dereva, sisi wengine nyuma, wazee na kina mama wawili waliokuja kumsindikiza mgonjwa. Tulipofika, tukazunguka nyuma ya nyumba ya mzungu.

Godoro la Zakayo lilikuwa nje, limesimamishwa ukutani. Blanketi hazikuwapo. Mlango wazi, kitanda kitupu, chumba kimefagiwa.

Kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya matandiko ya mgonjwa yakitolewa nje. Niliwaza uso wa mama yake Zakayo, niliwaza nitaanza kwa neno gani. Kina mama wale wawili wakashika vichwa wakaangua kilio, kilio cha kwetu chenyewe, kinachosikika kijiji cha pili. Memsahibu, mke wa yule mzungu, akatoka upande wa jikoni, mkono kifuani. Mzee Nathani akavua kofia yake. Hakunitazama, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Hapo ndipo tulipowaona wakipanda kutoka bondeni, kwenye kijia cha kutoka mtoni. Rebeka alikuwa mbele na karai la blanketi zilizofuliwa kichwani. Godoro alikuwa amelitoa lipigwe na jua, kwa kuwa mgonjwa halihitaji tena mchana. Nyuma yake alikuja Zakayo, ameoga, shati limempwaya kama la kuazima, anapanda kile kilima polepole kwa miguu yake mwenyewe. Aliposikia kilio akaharakisha. Nilitaka kumpigia kelele asiharakishe.

Akafika, akatutazama mmoja mmoja, uso umejaa huzuni ya kweli.

"Poleni sana, wazee wangu," akasema. "Nani amekufa huko nyumbani, na mbona hamkunitumia habari mapema nijiandae?"

Aliyasema yote kwa pumzi moja.

Kina mama wakanyamaza katikati ya kilio. Mzee Nathani akaivaa kofia yake, akaiweka sawa, akakohoa. "Bado hakuna," akajibu.

Zakayo alipika Spring Valley miaka mingine mingi, akinywa vidonge vyake, na moyo wake haukupona kamwe, ulitunzwa tu. Mimi nimefanya kazi hii mpaka nywele zikageuka, nimewashika watoto waliokuja kuwa wazee, nami naona fahari kwa kila siku yake. Lakini hakuna siku iliyoishinda ile. Tulipokunywa chai ya Rebeka tukainuka kuondoka, lori likiwa halina mtu wa kupeleka stesheni, nilishika ubao nipande nyuma na kina mama. Mzee Nathani akanizuia kwa mkono. Akanifungulia mlango wa mbele, akangoja nikae vizuri, akaufunga taratibu, kisha yeye, mwenyekiti wa chama, akapanda nyuma kwenye vumbi la kuni.